Fedha za Kuogelea Zimfuate Mwalimu

Mwishoni mwa mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti kuhusu watu wanaokufa maji. Linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee watu wapatao 300,000 walizama na kufa, karibu nusu yao wakiwa hawajatimiza miaka 30, na robo wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Habari njema katika ripoti hiyo ni kwamba tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo duniani kimeshuka kwa asilimia 38. Katika kanda ya Ulaya kimeshuka kwa asilimia 68. Katika kanda ya Afrika kimeshuka kwa asilimia 3. Kwa miaka ileile ambayo wenzetu walipunguza misiba yao kwa zaidi ya nusu, sisi tumebaki karibu palepale tulipokuwa, na kanda yetu ndiyo yenye kiwango kikubwa cha vifo vya maji kuliko zote.

Misiba ya aina hii inayotufikia kwa kishindo ni ya vyombo. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, Aprili 1994: watu 272. MV Bukoba, Mei 1996: mamia kwa mamia. Spice Islander, Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi. MV Nyerere, Septemba 2018: watu 228, katika kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Ukara. Bendera hushushwa nusu mlingoti, tume huundwa, na baada ya muda maisha huendelea. Lakini wengi wanaokufa maji hawafi ndani ya vyombo vyenye majina. Anakufa mtoto aliyetumwa kuchota maji ziwani. Anakufa kijana aliyekuwa akivua dagaa usiku kwa taa, wimbi likapindua mtumbwi. Anakufa msichana aliyevuka korongo siku ya mvua za masika, na mwanafunzi aliyekwenda kuoga mtoni baada ya vipindi. Hawa huzikwa na majirani, na mara nyingi hesabu yao haifiki kokote kwa sababu maiti haikupitia hospitali wala kituo cha polisi.

Nimeanza na vifo kwa makusudi, ingawa nia yangu ni kuzungumzia mchezo pia. Fedha za hisani kwa ajili ya kuogelea zimeanza kuja katika pwani na maziwa yetu, na zitazidi kuja kwa kuwa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha, Aprili 2021, azimio lililoifanya tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama. Fedha hizo huvutwa na makundi mawili. Moja linataka kuokoa maisha: kufundisha watoto kuelea, kugawa maboya, kufundisha uokoaji. Jingine linataka vipaji: klabu, makocha, safari za mashindano, na siku moja medali. Kila kundi huliona jingine kama linalokula fungu lake. Hoja yangu ni kwamba mgogoro huo ni wa bure. Fedha ikimfuata mwalimu wa kuogelea anayeishi kijijini, anayelipwa mwezi baada ya mwezi na kupimwa kwa idadi ya watoto aliowawezesha kuogelea, makundi yote mawili yatapata yanachokitaka. Ikifuata majengo, au nyota mmoja mmoja, hakuna kundi litakalokipata.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka Bangladesh, nchi ya mito na vidimbwi ambako kwa miaka mingi kuzama kumekuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto. Kituo cha utafiti wa ajali cha nchi hiyo, CIPRB, kilianza na swali la kawaida kabisa: watoto hawa wanakufa saa ngapi, na wapi? Jibu lilikuwa kwamba wadogo kabisa wanakufa asubuhi, mama akiwa na kazi za nyumbani, baba akiwa shambani, na dimbwi likiwa hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hiyo wakaanzisha vituo vya malezi vijijini vinavyofunguliwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Kwa watoto wakubwa zaidi wakaanzisha mafunzo ya kuogelea yaitwayo SwimSafe. Hawakujenga mabwawa ya vigae. Walichukua madimbwi ya vijiji, wakajenga majukwaa ya mianzi ndani yake ili mtoto asimame kwenye kina kinachomfaa, wakawafundisha vijana wa kijiji hichohicho kuwa wakufunzi. Mtoto alihesabiwa kuwa amehitimu pale tu alipoweza kuogelea mita 25, kuelea kwa nusu dakika, na kumsaidia mwenzake anayezama bila yeye mwenyewe kuingia hatarini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba vifo vya kuzama miongoni mwa watoto walioshiriki, katika vituo vya malezi na katika mafunzo ya kuogelea, vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 vikilinganishwa na vya wasioshiriki, na kwa gharama ambayo nchi maskini inaweza kuibeba. Katika afya ya jamii ni nadra kukuta afua yenye nguvu kiasi hicho. Tena haikuishia kwenye majarida. Wahisani walioibeba miaka ya mwanzo, miongoni mwao shirika la Bloomberg Philanthropies la Marekani na RNLI, taasisi ya uokoaji baharini ya Uingereza inayoendeshwa kwa michango ya watu tangu mwaka 1824, walikaa mezani na serikali. Mwaka 2022 serikali ya Bangladesh ikaidhinisha mradi wa vituo 8,000 vya malezi katika wilaya 16, pamoja na mafunzo ya kuogelea kwa mamia ya maelfu ya watoto, huku sehemu kubwa ya fedha ikitoka katika hazina yake yenyewe. Hivyo ndivyo hisani inavyopaswa kuzeeka: inaanza kama mfadhili, inamaliza kama mshauri.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi na huo upo kaskazini mwa Unguja. Mradi wa Panje, wenye makao Nungwi, ulianza kufundisha watoto kuelea, kuogelea na kuokoa, ukisaidiwa na RNLI, na ukawalenga hasa wasichana. Picha za wanafunzi wa shule ya msingi Kijini wakijifunza baharini, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilishinda tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018, na dunia ikastaajabu kuona wasichana waliojisitiri mwili mzima wakielea chali juu ya maji ya buluu. Wageni walivutiwa na mavazi. Mimi navutiwa zaidi na wakufunzi. Wanawake wa palepale walifundishwa hadi wakaweza kufundisha wengine, na kwa sababu hiyo wazazi ambao wasingemruhusu binti yao kuingia baharini na kocha wa kiume kutoka mjini waliruhusu. Watoto wa kiume wa Forodhani hujirusha baharini kutoka ukutani tangu wakiwa wadogo. Dada zao huwatazama kutoka juu. Tofauti hiyo haiwezi kuondolewa na bango wala hotuba. Inaondolewa na mwanamke mwenye ujuzi anayefahamika kwa jina lake na la mama yake, aliyesimama kwenye maji ya kifuani akiwa amemshika mtoto mgongoni.

Hapa ndipo pingamizi la dini na staha linapopata jibu lake. Wapo wanaoona kwamba kumfundisha msichana kuogelea ni kumvua heshima, na wapo wafadhili wanaolikimbia jambo hili kwa kuogopa kuingia katika mambo ya watu. Wote wawili wanaweza kutulia. Katika Uislamu kuogelea kumekuwa kukihesabiwa na wanazuoni wengi miongoni mwa stadi njema za kumfundisha mtoto, na mjadala uliobaki ni wa mavazi, mahali na nani anafundisha. Yote matatu yana ufumbuzi: vazi la kujisitiri, ufuo uliotengwa kwa muda, mwalimu wa kike. Kila kimoja kinahitaji fedha kidogo na heshima nyingi. Mradi unaofika kijijini bila kuzungumza kwanza na masheha, walimu wa madrasa na akina mama utakwama, na utastahili kukwama.

Kuna sababu nyingine ya kuwatazama wanawake, nayo ni ya riziki. Kilimo cha mwani Zanzibar, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwani ulilimwa kwenye maji mafupi ambako mkulima husimama maji yakipwa. Bahari ilipozidi kupata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ikaanza kufa kwenye maji hayo mafupi, na watafiti wakashauri mashamba yasogezwe kwenye kina kirefu, ambako maji ni ya baridi kiasi. Ushauri mzuri, ila mkulima aliyeambiwa asogee hajui kuogelea, na wengi hawana hata mtumbwi. Kwa hiyo mafunzo ya kuogelea, ambayo mtu wa mjini huyaona kama burudani ya mwisho wa wiki, ndiyo yanayoamua kama mama wa Paje au Jambiani atabaki na shamba lake au ataliacha. Miradi michache imeliona hilo na kuwafundisha wakulima wa mwani kuogelea. Mfadhili wa kilimo anayetoa kamba na vigingi bila kutoa mwalimu wa kuogelea ametoa nusu ya msaada.

Sasa niingie kwenye mabwawa, kwa sababu ndiyo yanayomeza fedha. Bwawa la mashindano la mita 50, lenye upana wa mita 25 na kina cha mita mbili, hubeba lita milioni mbili na nusu za maji. Maji hayo lazima yachujwe usiku na mchana, yatiwe klorini, yapimwe, yajazwe kila yanapopungua kwa jua. Pampu hula umeme hata siku ambayo hakuna mtoto aliyekuja. Mhisani hupenda bwawa kwa sababu linazinduliwa, lina utepe wa kukata na ukuta wa kuandikwa jina. Bili ya umeme ya mwaka wa tano haina utepe. Kenya ina bwawa la kimataifa Kasarani tangu michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na ni rasilimali ambayo majirani zake wengi wanaitamani. Hata hivyo mwogeleaji wake aliyefika mbali zaidi, Jason Dunford, aliyeshika nafasi ya tano katika fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo Beijing mwaka 2008 na kutwaa dhahabu ya mita 50 ya mtindo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola Delhi mwaka 2010, aliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Sisemi hivyo kumpunguzia sifa. Nasema kwamba bwawa peke yake, kwa zaidi ya miaka 20, halikuwa limezaa ngazi ambayo mtoto wa mtaa wa Kayole, Nairobi, angeweza kuipanda.

Kenya imejaribu pia njia ya mtaala. Mtaala wa umilisi uliweka kuogelea ndani ya mafunzo ya mazoezi ya mwili, hatua ya kupongezwa, lakini shule nyingi za umma hazikuwa na maji ya kufundishia wala mwalimu anayejua. Likaibuka jambo la hatari kubwa zaidi kuliko kutofundisha: kufundisha kuogelea ubaoni. Mtoto anayechora mtindo wa chali kwenye daftari hajajifunza chochote kitakachomsaidia akianguka mtoni. Mwalimu wa darasani hawezi kulaumiwa kwa hilo. Amepewa somo bila kupewa stadi.

Tanzania hali ni ileile kwa sura nyingine. Mashindano ya taifa yamekuwa yakifanyika mara nyingi kwenye mabwawa ya shule za kimataifa za Dar es Salaam, na klabu zinazotoa waogeleaji wa timu ya taifa zimekua kuzunguka mabwawa hayohayo. Waogeleaji kama Magdalena Moshi, Hilal Hilal, na katika Paris 2024 Collins Saliboko na Sophia Latiff, wameibeba bendera yetu kwa juhudi ambazo hakuna haki ya kuzibeza. Lakini tuseme ukweli kuhusu mlango tunaopitia. Shirikisho la dunia huziachia nchi ambazo waogeleaji wake hawajafikia muda wa kufuzu nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili kila taifa liwepo. Ni utaratibu mzuri. Ubaya wake ni kwamba unaweza kutufanya tuone tuna mchezo wa kuogelea, wakati tulichonacho ni familia kadhaa zenye uwezo wa kumpeleka mtoto bwawani kila alfajiri. Nchi yenye karibu nusu ya Ziwa Victoria, sehemu kubwa ya Tanganyika, Nyasa, na pwani kutoka Tanga hadi Mtwara, inawachagua waogeleaji wake kutoka mitaa michache ya jiji moja.

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja Kirsty Coventry. Mzimbabwe huyo alishinda medali saba za Olimpiki, mbili zikiwa za dhahabu katika mita 200 chali, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kama nchi yenye matatizo mengi ya uchumi imeweza kumtoa yeye, kwa nini tusielekeze hisani kwa watoto wachache wenye kipaji cha ajabu, tuwasomeshe nje, tusubiri? Swali ni zuri, na jibu limo ndani ya rekodi ya Zimbabwe yenyewe. Tangu ipate uhuru imeshinda medali nane za Olimpiki kwa jumla. Moja ni ya mpira wa magongo wa wanawake, mwaka 1980. Saba zote zilizobaki ni za Coventry. Baada yake hakuna mwogeleaji mwingine wa nchi hiyo aliyepanda jukwaani. Nyota alitokea, akang'aa, na nyuma yake hapakuwa na safu. Ndiyo gharama ya kutegemea kipaji kinachojileta chenyewe: hata kikija, hakirudi.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Cullen Jones, Mmarekani mweusi. Akiwa na miaka mitano alinusurika kufa maji katika bustani ya michezo ya maji huko Pennsylvania. Mama yake akampeleka kujifunza kuogelea ili lisitokee tena, wala hakuwa akiwaza medali. Mwaka 2008 Jones alikuwa miongoni mwa wanaume wanne wa Marekani walioshinda dhahabu ya kupokezana ya mita 400 mtindo huru Beijing, kisha akawa sura ya kampeni ya Make a Splash, inayosaidia watoto kupata mafunzo kwa bei nafuu au bure. Kampeni hiyo ilihitajika kwa sababu ya historia. Kwa miongo mingi mabwawa ya umma ya Marekani yalifungwa kwa watu weusi, na baada ya sheria kubadilika miji mingine ilichagua kuyafunga kabisa kuliko kuyachangia. Babu aliyefukuzwa bwawani hakumfundisha mwanawe, na mwana hakumfundisha mjukuu. Utafiti wa mwaka 2017 uliofadhiliwa na wakfu wa chama cha kuogelea cha nchi hiyo ulikuta kwamba asilimia 64 ya watoto weusi hawana uwezo wa kuogelea au wana uwezo mdogo sana. Kutoka katika hali hiyohiyo ndipo alipotoka pia Simone Manuel, aliyetwaa dhahabu ya mita 100 mtindo huru Rio mwaka 2016. Ninachokiona katika habari ya Jones ni kwamba somo la usalama na somo la kipaji lilikuwa somo moja, siku moja, kwa mwalimu mmoja. Hakuna kocha duniani anayeweza kumtambua bingwa ambaye hajawahi kuingizwa majini.

Ndiyo maana nasema tuanze na mwalimu, kisha ngazi ifuate. Mwalimu aliyefundisha watoto wengi wa Ukerewe au Kizimkazi atawaona wale wachache ambao maji huwabeba kwa namna ya pekee: anayeteleza mbali kwa mkupuo mmoja, asiyechoka, anayeomba kubaki wenzake wakitoka. Hao ndio wa kupelekwa ngazi ya pili, na hapo bwawa linahitajika kweli, kwa kuwa kuanza mbio kutoka jukwaani, kugeuka ukutani na kupimwa kwa saa havifundishiki ufukweni. Lakini mabwawa yapo. Hoteli na shule binafsi za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, Nairobi na Kampala zina mabwawa yanayokaa wazi saa nyingi za wiki bila mtu ndani yake. Shirika la hisani linaweza kununua saa badala ya saruji: Jumamosi asubuhi, likizo za shule, pamoja na nauli, chakula na bima ya mtoto. Mkataba wa namna hiyo unaweza kuvunjwa ukishindwa na kupanuliwa ukifaulu. Bwawa lililojengwa vibaya halivunjiki kwa barua. Kuna pia mbio za maji ya wazi, za kilomita 10, zilizoingia Olimpiki mwaka 2008. Mwaka 2012 dhahabu yake kwa wanaume ilichukuliwa na Mwafrika, Oussama Mellouli wa Tunisia. Ni mchezo unaofanyika baharini na ziwani, na sioni sababu vijana wa visiwa vya Victoria wasiandaliwe kwa ajili yake.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu michezo. Ni la mzazi au diwani anayeuliza: shule haina madawati, zahanati haina dawa, nyinyi mnaleta kuogelea? Siwezi kulipuuza. Lakini dawati na uhai haviwekwi katika mizani moja, na mtoto aliyezama hakai kwenye dawati lolote. Tunachanja watoto dhidi ya surua bila kusubiri madarasa yakamilike. Kwa kijiji kilicho ukingoni mwa maji, mafunzo ya kuogelea yanastahili kupangwa pamoja na chanjo na chandarua, kama kinga ya lazima. Na gharama yake kubwa ni mshahara wa mtu, ambao unabaki kijijini.

Wengine wanahofia kwamba mtoto akijua kuogelea atapata kiburi cha kwenda mbali zaidi. Hofu hiyo ina msingi pale mafunzo yanapofanywa nusunusu: siku tatu za kucheza majini, cheti, picha, kwaheri. Ndiyo maana kipimo cha kuhitimu kina umuhimu mkubwa, na ndiyo maana mafunzo mazuri huanza kwa kumfundisha mtoto kusoma mkondo, kutoogelea peke yake, na kurusha kamba au kigogo badala ya kujitosa kumfuata anayezama. Takwimu za Bangladesh zinatosha kuonyesha kwamba waliofundishwa sawasawa hufa kidogo, hawafi zaidi. Katika Ziwa Victoria kuna pia kichocho, na mahali pengine mamba na viboko. Hapo busara ni kutofundishia ziwani. Mabwawa ya kuhamishika, yanayofungwa na kufunguliwa, yametumika Bangladesh kwenyewe na yanaweza kuzungushwa kutoka mwalo hadi mwalo. Asasi kama EMEDO ya Mwanza, inayoendesha kazi ya kuzuia vifo vya kuzama ziwani kwa ushirikiano na RNLI, tayari inazijua jamii hizo, na mfadhili mpya angefanya vyema kuongeza nguvu yake hapo kuliko kuanzisha bango lake jipya.

Lazima pia nikiri mipaka ya ninachokitetea. Mafunzo ya kuogelea yasingewaokoa wote wa MV Nyerere. Chombo kilichojaza kupita kiasi kikipinduka, watu hunaswa chini yake, na mwogeleaji hodari huvutwa na wanaotapatapa. Kuogelea hakuondoi wajibu wa serikali wa kukagua vyombo, kuzuia kujaza abiria, kuhakikisha maboya yapo na yanavaliwa, na kuweka waokoaji wenye vifaa karibu. Ajali ya ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022, iliua watu 19, na 24 walionusurika walisaidiwa kwanza na wavuvi waliowahi na mitumbwi yao. Ujasiri wao ni hazina, lakini taifa haliwezi kuufanya ndio kikosi chake cha uokoaji. Hisani isitumike kuwa kisingizio cha wizara kukaa pembeni.

Kuhusu hilo la serikali kubweteka, wakosoaji wa misaada wana haki kabisa. Tumeona miradi mingi ikifa siku mfadhili alipofunga ofisi. Dawa yake iandikwe kwenye mkataba wa mwanzo: miaka mitano ya mshahara wa wakufunzi, mchango wa halmashauri ukipanda kila mwaka, na vyuo vya ualimu vilivyo karibu na maji vikifundisha stadi hii ili mwaka wa sita mwalimu wa kuogelea awe mwajiriwa kama mwalimu mwingine yeyote. Mfadhili asitangaze idadi ya watoto "waliofikiwa". Atangaze waliofaulu mtihani wa mita 25 na kuelea, wangapi kati yao ni wasichana, na wangapi wamefika ngazi ya klabu. Na kwa kuwa mchezo huu umewahi kuwapa nafasi watu wabaya katika nchi nyingi, kusiwe na mkufunzi anayebaki peke yake na mtoto, majini wala chumba cha kubadilishia nguo. Mradi usiokubali sharti hilo usipewe hata shilingi.

Kwa wenye kampuni, mabenki na Watanzania na Wakenya walio ughaibuni wanaotafuta mahali pa kupeleka sadaka yao: acheni kwa sasa ramani ya bwawa jipya. Tafuteni kijiji kimoja cha ukingoni mwa maji, ulizeni ni mwanamke gani na mwanamume gani kijana wako tayari kufundishwa kuwa wakufunzi, na lipeni mishahara yao kwa miaka mitano.